Kusoma ishara katika fasihi na filamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ishara ni nini hasa?

Ni kitu cha kawaida ndani ya kazi, kama maji, kisima, mnazi, mlango au kanga, kinachobeba maana kubwa kuliko matumizi yake ya kila siku, huku kikibaki kuwa kitu kile kile. Hicho kipande cha mwisho ndicho husahaulika. Kisima kikiwa ishara hakiachi kuwa kisima: watu wanateka maji, kamba inakatika, mtu anaweza kutumbukia. Kama maelezo yako yangesimama vilevile hata kisima kikiondolewa na kabati kuwekwa mahali pake, bado hujasoma ishara. Umebandika maana tu.

Ishara, taswira, sitiari, jazanda, taashira: tofauti ni ipi?

Istilahi hizi zinatumika kwa kuchanganywa, na vitabu vyenyewe havikubaliani. Wanafunzi wa Kenya hukutana zaidi na "taashira" na "jazanda"; wa Tanzania wamezoea "taswira na ishara". Kwenye mtihani fuata neno la mtaala wako. Kwenye kazi yenyewe, swali moja linatosha kukutoa njia panda: je, mhusika anaweza kukigusa kitu hicho?

Ukisema "Juma ni simba", simba hayupo. Yupo Juma peke yake, na hiyo ni sitiari. Sitiari ikitandazwa ikafunika kifungu kizima, wengi huiita jazanda. Lakini kama kuna mnazi uliopandwa uani na watu wanaupanda, wanaangua nazi na kugombana juu yake, huo unaweza kuwa ishara. Taswira ni pana kuliko zote: picha, sauti au harufu yoyote inayojengeka akilini, iwe na maana ya ndani au isiwe nayo. Na pale ambapo kazi nzima inasimama badala ya jambo jingine, kama Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), nchi inayoelea angani lakini yenye mahakama na mawaziri tunaowafahamu vizuri huku chini, tunazungumzia istiara.

Nitajuaje kwamba kitu ni ishara na si kitu tu?

Hakuna dalili moja inayotosha. Tafuta angalau mbili au tatu pamoja.

Ya kwanza ni marudio, hasa kwenye vikunjo vya hadithi: mwanzo, mwisho, kabla ya kifo, baada ya usaliti. Ya pili ni maneno ya ziada. Mwandishi akitumia mistari sita kueleza kikombe kilichopasuka, na chai yenyewe hainywewi, ana lake jambo. Ya tatu ni ugomvi: wahusika wanakificha kitu, wanakikatalia, wanauana kwa ajili yake.

Dalili yenye uzito kuliko zote ni mabadiliko. Kitu kinavunjika, kinakauka, kinahama mikono. Kitu kinachorudi mara tano bila kubadilika chochote mara nyingi ni pambo au motifu, yaani kitu kinachorudiwarudiwa tu.

Katika ushairi wetu wakati mwingine huhitaji hata kupeleleza. Abdilatif Abdalla, katika shairi la "Mamba" lililomo kwenye Sauti ya Dhiki (1973), anatangaza tangu ubeti wa kwanza kwamba anafumba ili wanaoweza wafumbue. Ukishaambiwa hivyo, ukiendelea kuamini kwamba shairi linahusu mnyama wa mtoni peke yake, kosa si la mshairi.

Nianzie wapi nikiwa na kitabu mkononi?

Soma mara ya kwanza bila kalamu. Watu wengi hawapendi kushauriwa hivyo kwa sababu muda ni mchache, lakini usomaji wa kwanza wenye kalamu hukufanya uone "ishara" kila ukurasa wa mwanzo na usione yoyote baada ya ukurasa wa sitini.

Mara ya pili, chora safu nne kwenye daftari: ukurasa au onyesho, kitu kimefanya nini au kimefanywa nini, nani amekishika au anakitazama, nini kimetokea mara baada ya hapo. Hakuna safu ya maana, na hilo ni kwa makusudi. Ukiiweka, utaijaza kabla ya wakati, kisha mistari yote inayofuata utailazimisha ikubaliane nayo.

Ukimaliza, chagua kitu chenye mistari mingi na tazama sehemu tatu tu: mstari wa kwanza, mstari wa mwisho, na pale safu ya tatu inapobadilisha mtu. Halafu jaza sentensi hii: "Mwanzoni kitu hiki ni..., mwishoni kimekuwa..., kwa sababu..." Ukikwama kwenye "kwa sababu", rudi kitabuni.

Makosa mengi huanzia kwenye kwenda kinyume: mtu anaanza na dhamira, kisha anatafuta kitu cha kuining'iniza. Ndiyo maana insha nyingi huishia kusema kwamba kila kitu, kuanzia jembe hadi mbuzi, kinaashiria ukoloni.

Naomba mfano mmoja uliofanywa hadi mwisho.

Chukua maji katika Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969, juu ya Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani. Jibu la haraka ni "maji ni ishara ya umoja". Si kosa, ila limeishia njiani. Tuyafuate maji yenyewe.

Tamthilia inaanza kwa njaa na kazi ya kulazimishwa katika shamba la Mjerumani. Wanaume hawalimi kwao, na watu wa makabila mbalimbali hawaaminiani. Kisha Kinjeketile anapandwa na mzimu uitwao Hongo, anaingia mtoni Rufiji na anatoka na maji. Hapo maji yana asili: yametoka mahali pa mzimu, hayakutungwa na mtu.

Halafu maji yanagawiwa, yawe kinga dhidi ya risasi. Hapa ndipo neno "umoja" linapopata haki yake, kwa kuwa tendo lile lile linafanywa juu ya miili ya watu ambao jana walikuwa hawasalimiani.

Baadaye yanahama mikono. Kinjeketile mwenyewe anayatilia shaka, akishatambua kwamba maneno aliyoyatamka akiwa amepandwa yaliwaahidi watu kuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, yaani kumtoka bwana mmoja na kuingia kwa mwingine. Anataka wangoje. Watu hawangoji. Maji hayamhitaji tena aliyeyaleta, na ukurasa huu ndio wa kuuwekea alama kubwa kuliko zote, maana safu ya tatu ya daftari imebadilika: mwenye maji si Kinjeketile tena.

Kisha risasi. Kama kinga, maji yanashindwa. Na mwisho kabisa, kifungoni, Kinjeketile anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa.

Linganisha sasa mstari wa kwanza na wa mwisho. Mwanzoni maji yanalowesha. Mwishoni hakuna tone jukwaani, kuna neno tu, na linagombaniwa vikali kama yalivyogombaniwa maji yenyewe. Kwa hiyo usomaji uliokamilika ungekuwa hivi: maji ni imani iliyowaunganisha watu, ikamponyoka aliyeianzisha, ikashindwa kama ngao na kudumu kama neno. "Umoja" umo ndani yake, lakini sasa umelipiwa.

Je, lazima nijue historia ya tukio lenyewe?

Kwa kazi kama hiyo, ndiyo, ila si kwa ajili ya kuimwaga kwenye aya ya kwanza. Historia ni ya kupimia: inakuonyesha mwandishi alibadilisha nini.

Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya Vita vya Maji Maji kuanza, na vita viliendelea hadi 1907. Kinjeketile wa tamthilia anaishi hadi anaona kushindwa. Ebrahim Hussein anasema waziwazi katika maelezo ya mwanzo kwamba mhusika wake ni wa kubuni, si yule wa historia. Lile onyesho la kifungoni, ambalo ishara nzima inaliegemea, lisingewezekana kama angefuata kalenda. Mwandishi anapoipinda historia hivi, tazama kuna kitu gani pale alipoipinda. Mara nyingi ni ishara.

Ishara moja inaweza kuwa na maana mbili zinazopingana?

Inaweza, na zile nzuri huwa hivyo. Shairi la "Mnazi: Vuta N'kuvute", pia katika Sauti ya Dhiki, ni majibizano ya ndugu wawili wanaogombea mti mmoja. Wasomaji wengi huuona mnazi kuwa nchi, na usomaji huo una mashiko: Abdilatif alifungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake wa "Kenya: Twendapi?" Lakini mnazi si jiwe la mpaka. Hupandwa na mmoja akala mwingine, huhitaji mtu wa kuupanda kuangua, na nazi ikianguka haichagui kichwa. Kila ndugu anashika sehemu moja ya tabia ya mti huo na kujengea dai lake. Ukiandika "mnazi = Kenya" na kuweka nukta, umefunga kesi ambayo shairi limeiacha wazi.

Majina ya wahusika yanahesabika kama ishara?

Hiyo ni majazi, yaani jina linalotaja tabia ya mhusika. Katika Kusadikika, mshtakiwa ni Karama na anayemshtaki ni Majivuno. Hakuna la kufumbua hapo. Usimalize nusu ukurasa kwa kutafsiri majina. Majina yanakuwa na utamu pale tu mhusika anapokwenda kinyume na jina lake.

Na anwani za methali, kama Kidagaa Kimemwozea au Kitumbua Kimeingia Mchanga?

Uliza maswali matatu: kimemwozea nani, nani anasikia harufu, na kuanzia sura gani. Msomaji anaijua methali kabla hajafungua kitabu, kwa hiyo mwandishi hapati sifa kwa kuirudia. Sifa ni kwenye kumchagua wa kuozewa, maana mara nyingi wahusika wawili au watatu wanagombea nafasi hiyo. Tazama pia kama kitu chenyewe, dagaa au kitumbua, kinaonekana popote ndani ya kazi. Kisipoonekana, andika "methali", usiandike "ishara".

Nyeupe ni amani, nyekundu ni damu, nyeusi ni huzuni. Sahihi?

Orodha hizo zitupe. Kanga ya kisutu ni nyekundu, nyeusi na nyeupe, na ni vazi la arusi. Nyeupe ni ya sanda na pia ya ihramu. Rangi haina maana mpaka kazi yenyewe iipe: iandike mara tatu za kwanza inapotokea, na ona iko na nani. Wanyama vilevile. Bundi wa Wagiriki alikuwa ndege wa Athena na alama ya busara. Akitua juu ya paa la nyumba huku kwetu, watu wanaanza kuulizana nani mgonjwa.

Kanga ikionekana kwenye filamu au jukwaani, nisome nini?

Karibu kila kitu, lakini kwa mpangilio. Kanga ina pindo, mji na jina. Jina ndilo lile andiko, na wengi huliona hilo tu.

Anza na kamera. Simamisha picha: je, jina linasomeka? Maneno manne au matano yanahitaji kama sekunde mbili au tatu machoni pa mtazamaji. Kamera ikitulia hapo muda huo, mwongozaji amekusudia usome. Kama maandishi yamekatwa na mkunjo na kamera inapita, ni maleba (mavazi ya mwigizaji) tu, usijitungie.

Halafu uliza nani ndani ya tukio analisoma. Kanga husema bila mdomo. Mke mwenza au jirani akija juu, mvaaji ana pa kutokea: "Mimi nimeipenda rangi." Nguvu yake iko kwenye huko kukana, kwa hiyo usiandike "kanga inaonyesha ana hasira". Andika kwamba inamruhusu kusema jambo ambalo asingeweza kulitamka bila kuadhibiwa, na utaje ni nani angemwadhibu.

Mwisho, angalia doti. Kanga huuzwa mbili pamoja, ndipo zikakatwa. Wahusika wawili wakivaa vipande vya doti moja, kuna mapatano kati yao, hata kama hawajazungumza. Kipande kimoja kikionekana baadaye begani kwa mtu wa tatu, hapo una hadithi.

Filamu inasomwaje tofauti na kitabu?

Itazame mara tatu. Ya kwanza bila kusimamisha. Ya pili simamisha kila kitu kinapotokea, andika dakika na sekunde, kinachukua sehemu gani ya skrini (kona au nusu nzima), kinakaa sekunde ngapi, sauti gani inasikika, na nani alikuwa anatazama kabla ya mkato. Ya tatu rudia matukio makuu tu, kwanza bila sauti, kisha sauti peke yake ukiwa umegeuka. Huko kusikiliza bila kutazama kunaonekana kwa kipuuzi mpaka ukujaribu. Mlio wa maji au wa mlango unaweza kuwa ndio ishara yenyewe, na macho yalikuwa yanakuibia.

Jihadhari na vitu vilivyomo kwa bahati. Filamu nyingi zenye bajeti ndogo hupigwa kwenye nyumba ya kukodi, na ile picha ukutani huenda ni ya mwenye nyumba. Glasi iliyojaa ambayo ghafla imepungua mara nyingi ni kosa la mwendelezo. Kabla ya kuita kitu ishara, tafuta alama ya mkono wa mwongozaji: mwanga umeelekezwa pale, lenzi imekazia pale, au mkato umefanywa pale.

Aya nzuri ya uchambuzi inaonekanaje?

Linganisha mbili hizi, zote juu ya Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, ya kama dakika 20 hivi, inayotokea Afrika Mashariki miaka 35 baada ya vita vya kugombea maji.

Aya dhaifu: "Mbegu katika filamu hii ni ishara ya matumaini. Inaonyesha kwamba tusikate tamaa na tutunze mazingira."

Aya yenye nguvu: "Mbegu inaanza ikiwa ndani ya chupa ya makumbusho, yenye kibandiko kilichoandikwa 'Maitu', neno la Kigikuyu lenye maana ya mama. Mahali hapo maji hutolewa kwa kipimo na jasho la mtu husafishwa likanywewa tena, kwa hiyo kila tone lina mwenyewe. Asha anapoiotesha mbegu kwa maji yake, na mwishoni kulala kando ya mche jangwani ili aukinge, maji ya mwilini mwake yanaacha kuwa mali inayohesabiwa. Kamera inapanda juu, Asha anazidi kuwa mdogo na mti unakua. Neno 'mama' lililokuwa kibandiko limegeuka kuwa kitendo."

Ya pili haikutumia "matumaini" hata mara moja. Imetaja mahali pa kwanza na pa mwisho, ikaonyesha sheria ya ulimwengu ule inayofanya tone la maji liwe ghali, ndipo ikatoa maana. Ukiondoa mbegu, aya nzima inaanguka.

Niandike ishara ngapi kwenye insha moja?

Mbili zilizofuatwa hadi mwisho ni bora kuliko saba zilizotajwa, isipokuwa swali limetaja idadi. Katika karatasi ya fasihi ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne Kenya (102/3), kila swali lina alama 20, na swali la dondoo kwa kawaida huanza na muktadha: msemaji, anayeambiwa, mahali, na kilichosababisha maneno hayo. Anayeruka hapo kukimbilia ishara hupoteza alama nyepesi kuliko zote. Kwa kidato cha nne Tanzania, swali mara nyingi linataka hoja kutoka vitabu viwili, tatu kwa kila kimoja. Hapo gawanya ishara moja katika hatua zake, kila hatua iwe hoja. Nukuu mstari mmoja, usinakili ubeti mzima.

Kama mwandishi hakukusudia?

Huhitaji ushahidi wa kichwani mwake, unahitaji wa kwenye karatasi. Usiandike "mwandishi alitaka kuonyesha" kama hujasoma popote alipolisema. "Kisima kinapofukiwa katika onyesho la mwisho..." inatosha, na hakuna wa kukubishia.

Tafsiri huharibu ishara?

Huibadilisha, na wakati mwingine huitajirisha. Animal Farm ya George Orwell (1945) ilipotoka kwa Kiswahili kama Shamba la Wanyama, kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere, mwaka 1967, nguruwe walivuka mpaka. Mkulima wa Uingereza humwona nguruwe kuwa mnyama mwerevu wa zizini. Msomaji Mwislamu wa pwani anamjua kama najisi tangu utotoni, kwa hiyo watawala wale wamechafuka kabla hawajaiba hata tone la maziwa. Ukichambua tafsiri, sema unachambua tafsiri, na usimpe Orwell sifa au lawama ya jambo lililoletwa na lugha.

Ndoto na mvua je?

Ndoto: soma kinachorudi macho yakifunguka, achana na kilichobaki usingizini. Mvua: angalia kwanza kama ni masika.

Nimeona ishara ambayo mwongozo wa kitabu haukuitaja. Niiandike?

Hesabu mistari kwenye daftari. Ukiwa na sehemu tatu zenye kurasa, na kitu kimebadilika kati ya ya kwanza na ya tatu, iandike bila woga, tena uitangulize, maana msahihishaji amechoka kusoma majibu ya mwongozo. Ukiwa na sehemu mbili, iite taswira na usiipe zaidi ya sentensi mbili. Ukiwa na moja, iache daftarini.